Kila kidole na gozi yake: kwa mlioanza wodi ya majeraha ya moto

Wadogo zangu,

Jumanne nilisimama nyuma ya mmoja wenu kwenye chumba cha dresingi, yaani cha kusafisha na kufunga vidonda. Mtoto alikuwa ameungua kiganja, kidonda kimesafishwa vizuri, na bandeji ikaanza kuzungushwa: mara ya kwanza, mara ya pili, vidole vyote vinne pamoja, mpaka mkono ukawa kama ngumi ya bondia. Nilimwomba afungue aanze upya. Alishangaa nilivyobadilika sauti. Nimekaa na jambo hilo siku tatu sasa, na nawaandikia pamoja na mengine ninayoyaona kila kundi jipya linapoingia. Nawapenda, mna mikono mizuri, ila mnakimbia na troli kama watu wanaowahi kivuko cha Ukerewe.

1. Saa ya kuungua ndiyo inayohesabiwa. Saa ya kufika mapokezi haihesabiwi. Huku kwetu mgonjwa anatoka kisiwani, anasubiri mtumbwi, anapita zahanati, ndipo anatufikia sisi. Mtu wa kilo 60 aliyeungua asilimia 30, kwa fomula ya Parkland, ile ya kukadiria maji ya dripu, ni mililita 4 mara 60 mara 30, yaani 7,200 kwa saa 24, na nusu yake iingie ndani ya saa 8 za kwanza. Kama aliungua saa 12 alfajiri na kafika saa 3 asubuhi, zile 3,600 zinatakiwa ziishe saa 8 mchana. Ni 720 kwa saa. Wengi wenu mnaandika 450 na mnakwenda nazo mpaka jioni. Kwa hiyo swali la kwanza kwa ndugu aliyemleta ni "aliungua saa ngapi?", na akikujibu "asubuhi asubuhi" muulize kama dagaa walikuwa wameshaanikwa, maana hapo atakumbuka saa. Halafu angalia mkojo, maana fomula ni pa kuanzia tu: mtu mzima nusu mililita kwa kilo kwa saa, mtoto mililita 1. Ukipungua, mwite daktari wakati huohuo, usingoje raundi.

2. Kupima eneo lililoungua: kichwa cha mtoto mdogo ni asilimia 18 ya mwili na kila mguu 14; kanuni ya tisa ya watu wazima, inayogawa mwili kwa tisa tisa, usiitumie kwake. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia 1. Wekundu usio na malengelenge hauingii kwenye hesabu.

3. Dawa ya maumivu itangulie. Ya kumeza mpe nusu saa kabla ya kufungua, na gozi, kile kitambaa chembamba kinacholala juu ya kidonda, ikikauka ilowanishe kwa salini (maji ya chumvi ya hospitali) mpaka iachie yenyewe. Ukiinyofoa unaondoka na ngozi mpya iliyohangaika siku tatu kuota.

4. Usimgombeze mama aliyepaka dawa ya meno, ute wa yai au asali. Mtoto wake alikuwa analia na yeye akafanya alichofundishwa na bibi yake. Nilishuhudia mama mmoja kutoka upande wa Magu akifokewa mbele ya foleni nzima. Aliitikia "ndiyo nesi, ndiyo nesi", akainamisha kichwa, na tarehe ya kurudi hatukumwona. Alirudi kidonda kinanuka. Osha kilichopakwa, kisha mwambie kwa upole kwamba siku nyingine ni maji safi ya baridi yanayotiririka, au kumwagia kwa kopo, kwa dakika 20, barafu hapana, baada ya hapo amfunike mtoto asipate baridi. Atakwenda kuwaambia jirani zake wote.

5. Sasa mkono.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini. Jumapili jioni aliletwa mtoto wa miaka mitatu aliyejikwaa na kuegemea jiko la mkaa, kiganja wazi. Mama yake alikuwa anauza dagaa soko la Mwaloni, alikuja bado na magamba kwenye kanga. Kwenye benchi kulikuwa na watu kumi na mmoja wanasubiri. Nilimsafisha, nikapaka dawa, nikaweka gozi juu ya kiganja, nikazungusha bandeji kwenye vidole vyote kwa pamoja. Ilipendeza. Dada wa zamu alinisifu. Kwenye kadi niliandika: "kidonda safi, kimefungwa, arudi baada ya siku 3." Neno kidole halikuwepo.

Waliofuata walisoma kadi yangu wakafunga nilivyofunga. Mimi mwenyewe nilimpokea tena mara tatu. Kila tulipogusa vidole alipiga kelele, akavikunja, nami nikaviacha vimekunjwa nikidhani namhurumia. Nilipaswa kumpa dawa ya kutosha, nikavinyoosha kimoja kimoja. Nilimhurumia kwa dakika tano.

Kidonda kilifunga. Mama alifurahi akaniletea dagaa kisado kizima, nikaenda nao nyumbani tukala.

Miezi saba baadaye alirudi. Kidole cha mwisho na cha pete vilikuwa vimelala ndani ya kiganja, na katikati yao ngozi imeungana kama mguu wa bata. Mtoto alikuwa anashika kikombe kwa vidole viwili na gumba. Mama hakunilaumu. Aliniuliza, "Dada, mimi nilikosea wapi? Tarehe zote nilikuja." Nilimjibu kwamba ngozi iliyoungua hujivuta inapopona. Ni kweli hujivuta. Na ni kweli kwamba sehemu mbili mbichi zikilala pamoja huungana. Lakini nilimjibu hivyo ili asijue kwamba tarehe zote alizokuja, mimi na waliofuata kadi yangu ndio tuliokuwa tunavifunga vidole vile pamoja. Alikwenda nyumbani akiamini kosa lilikuwa la ngozi ya mwanawe.

Daktari wa upasuaji alivifungua, akapandikiza ngozi ya paja, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akahangaika naye miezi. Cha pete kilinyooka. Cha mwisho kilibaki na kona. Siku ya kuondoa nyuzi ndipo nilipomweleza mama ukweli wote, kadi ikiwa mkononi mwangu. Alinyamaza muda mrefu. Akamfunga mtoto mgongoni, akaniuliza tarehe ya kurudi ni lini.

Basi: kipande chembamba cha gozi katikati ya kila vidole viwili. Kila kidole kizungushiwe chake, ncha zibaki wazi uone rangi. Kiganja kikiungua, vidole vinyooshwe na viwekewe kibao. Ukiungua mgongo wa mkono, kifundo kiinuke kidogo, viungo vya mwanzo wa vidole vipinde, vidole vyenyewe vinyooke. Mkono ukae juu ya usawa wa moyo. Kila dresingi, baada ya dawa ya maumivu, vidole vichezeshwe. Na uandike kwenye faili kwamba vimefungwa kimoja kimoja, maana wa zamu ya usiku atafuata ulichoandika.

6. Silva salfadiazini, ile krimu ya majeraha ya moto, usipake usoni, wala kwa kichanga wa chini ya miezi miwili.

7. Mgonjwa mweusi kama sisi usingoje wekundu ndipo useme anaanza kidonda cha kulalia. Gusa kisigino na kiuno kwa mgongo wa mkono, sikia joto na ugumu. Mgeuze kila saa 2, hata akiwa amelala vizuri.

8. Upele wa mvuvi mmoja ni upele wa kambi nzima. Wanaolala kitanda kimoja kwa zamu wote wapakwe siku moja, la sivyo wataambukizana mpaka mwakani.

9. Mwenye ualbino akija na kidonda mdomoni, sikioni au shingoni kisichopona wiki ya nne, usimfunge tu ukamruhusu. Kina mama wenye ualbino wanaoanika dagaa mchangani huko visiwani jua huwapiga kutwa. Inaweza kuwa saratani ya ngozi, na ikiwahiwa mara nyingi hukatwa ikaisha. Mfikishe kwa daktari siku hiyohiyo, na kabla hajaondoka hakikisha ana kofia pana na mikono mirefu.

Kuna mengine ya kifafa na moto, maana wanaoangukia jikoni tunawapokea wengi na tunawaruhusu bila dawa zao za kifafa, halafu wanarudi. Hayo tutakaa tuyaongee.

Kesho nina zamu ya asubuhi. Yule mtoto wa Jumanne anafunguliwa saa 3. Aliyemfunga aje, na aje na gozi zilizokwisha kukatwa nyembamba, vipande vinne.