"Mwanangu hafungui daftari mpaka nimlipe"

*Shangazi, shikamoo. Ninaishi Pasua, Moshi, na ninauza mitumba Kiborloni. Mwanangu wa kiume yuko darasa la nne. Mwaka jana nilianza kumpa shilingi mia mbili kila anapomaliza kazi za shule, akachangamka sana. Sasa hafungui daftari mpaka aone pesa, na akisusa hadi saa tatu usiku ninampa mia tano ili tulale. Baba yake anasema dawa ni fimbo. Mama mkwe, aliyeko Kibosho, anasema nimemgeuza mjukuu wake kibarua. Nifanye nini? Mama wa Pasua.*

Marahaba, mwanangu. Mama mkwe wako ametumia neno kali na hajakosea sana, lakini mimi nisingeanza na zile mia mbili. Tatizo kubwa zaidi ni hiyo mia tano ya saa tatu usiku. Mtoto wako amejifunza, tena vizuri, ila somo alilolishika ni kwamba kususa kunalipa kuliko hesabu, kwa kuwa anayemaliza mapema hupata mia mbili na anayegoma hupata zaidi ya mara mbili yake. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner, aliyefariki mwaka 1990, alionyesha kwamba tendo linalofuatwa na tuzo hurudiwa, na kwamba tuzo inayokuja mara moja moja, bila kutabirika, hulifanya tendo hilo kuwa gumu zaidi kufutika. Ndiyo maana kukaza siku mbili na kulegea siku ya tatu kunamzoesha kususa kwa subira.

Kwa hiyo nyongeza ikome kabisa, nawe ujiandae, kwa sababu hali itaharibika kabla ya kutengemaa: atalia, atabamiza mlango, pengine ataenda shule bila kazi na kuulizwa na mwalimu wake. Ukilegea usiku wa nne utakuwa umemfundisha tu kwamba bei mpya hupatikana usiku wa nne. Chagua basi juma ambalo hufungui belo jipya, maana mama aliyerudi hoi kutoka sokoni hana nguvu za kushindana na mtoto aliyeshinda akicheza.

Zile mia mbili usizikate ghafla, asije akaona anaadhibiwa. Mlipe mwisho wa juma badala ya kila jioni, kisha uziache zififie kadiri kazi inavyozoeleka. Wala usiweke pesa juu ya jambo analolipenda mwenyewe. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1973, watoto wadogo waliopenda kuchora waliahidiwa cheti cha pongezi wakichora, na baadaye, cheti kilipokosekana, walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa chochote.

Pengo la pesa lijazwe na maneno, ingawa si maneno yoyote. "Una akili kama baba yako" humfurahisha baba zaidi ya mtoto. Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha mwaka 1998 majaribio yaliyoonyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na maswali magumu wakashindwa, walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Msifu kwa kitu anachoweza kukirudia kesho, nacho ukitaje: "Hesabu hii uliifuta, ukaanza upya, ukapata." Kosa nalo lionyeshwe mahali lilipo. Kama katika 52 kutoa 27 ameandika 35, alama ya kosa peke yake haimsaidii. Mwambie kwamba upande wa mamoja ametoa 2 kwenye 7 badala ya kukopa kwenye makumi, kisha umwachie airudie mwenyewe. Fanya hivyo jioni hiyohiyo, kwa sababu kosa linalosahihishwa baada ya juma zima huwa limekwisha kuzoeleka. Usipolijua somo, mwombe akueleze alivyofanya, na mara nyingi atakwama palepale alipokosea.

Kuhusu fimbo, mweleze mume wako kwa upole kwamba humjulisha mtoto kuwa amekosea bila kumwonyesha namna ya kukopa kwenye makumi, na kwamba mtoto mwenye hofu hujifunza kuficha daftari. Hata shuleni, kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko kwa makosa makubwa ya nidhamu, wala si kwa kukosa hesabu. Mpe yeye kazi ya kulikagua daftari akirudi, mtoto amweleze hesabu moja aliyoipata na moja iliyomshinda.

Kabla mtoto hajaambiwa lolote, kubalianeni ninyi wawili, kwani mpango huu huvunjika mzazi mmoja anapolipa kwa siri. Mama mkwe naye aombwe, kwa adabu zote, asimtilie mjukuu noti mfukoni anapopanda Kibosho Jumamosi.