Fundi wa Makazi ya Kioo Anajibu: Magofu ya Kilwa kwa Buibui na Nge

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Mimi mzaliwa wa Lushoto, naishi Leicester, Uingereza. Ninafuga buibui jike wa rangi ya chungwa, wale wanaouzwa huku kwa jina la Usambara, na nge mweusi mwenye magando mekundu, naye wa asili ya kwetu Tanzania. Nina matangi mawili ya kioo yenye kimo cha sentimita 45 na mifuniko ya wavu wa waya. Nataka kuyapamba kama magofu ya Kilwa Kisiwani: kuta za matumbawe, matao, mnara mrefu, na taa ya zambarau ili nge ang'ae usiku kucha. Nianzie wapi?
Binti Lushoto

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha. Jenga magofu, ila mnara uache. Msikiti Mkuu wa Kilwa wenyewe hauna mnara. Una nguzo, matao na kuba, na hivyo ndivyo vinavyomfaa kiumbe wa chini.

Sababu kubwa ni tumbo la buibui. Ngozi yake ni nyembamba, na akianguka kutoka juu hupasuka, akavuja maji ya mwili hadi kufa. Jike wako akinyoosha miguu anafika sentimita 12 hivi. Mwachie nafasi ya sentimita 18 au 20 kati ya udongo na mfuniko, kwingine kote jaza udongo. Ndiyo, sentimita 25 za udongo! Anapenda kuchimba. Changanya udongo usio na mbolea na vumbi la makumbi ya nazi, ushindilie kwa kiganja, uache ukauke juu. Magofu yako yatakuwa yamefukiwa nusu, na kwa macho yangu hapo ndipo yanapopendeza.

Mfuniko wa wavu utoe leo. Kucha zake hunasa kwenye waya, akabaki ananing'inia hadi mguu ukatike. Weka bamba la plastiki ngumu lililotobolewa matundu madogo, na pembeni pia kuwe na matundu ili hewa ipite.

Sasa kuta. Baba yangu alikuwa mpiga lipu Pangani, na hii naifanya kama alivyonionyesha. Chonga stairofomu, ile nyeupe inayofungiwa televisheni, kisha ipake grauti, ule unga wa kuzibia nafasi za marumaru. Tabaka la kwanza liwe jepesi kama uji, mawili yanayofuata yawe mazito. La mwisho likiwa bado bichi, ligandamize kwa sifongo kavu: utaona vitundu vya matumbawe vinajitokeza vyenyewe. Rangi ichanganye ndani ya grauti. Usipake rangi ya mafuta. Likikauka, liloweke na kubadilisha maji kwa siku kadhaa ili ukali wa saruji utoke. Kila ncha kali isugue kwa msasa. Gundi iwe silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, na mnyama asiingie mpaka harufu ya siki iishe kabisa.

Tao lenye maficho liwe mbali na mlango wa tangi. Buibui huyo ana mbio za ajabu, na akiuma maumivu ni makali, misuli hukaza kwa muda mrefu. Kikombe na koleo ndefu viwe karibu kila unapofungua. Baada ya wiki chache atatandaza utando juu ya matao yote. Usiufagie. Hiyo ni nyumba yake anaimalizia.

Kwa nge, udongo uwe na unyevu, kina kisipungue sentimita 15. Jiwe au ukuta wowote mzito ukae juu ya kioo cha chini, udongo uje baadaye kuuzunguka. Ukiuweka juu ya udongo atachimba chini yake, utamwangukia. Taa ya zambarau iwashe dakika chache tu ukitaka kumtazama, maana nge hukimbia mwanga. Akihitaji joto, bandika mkeka wa joto ubavuni mwa tangi pamoja na kidhibiti chake, kamwe si chini, kwa sababu mnyama anayeona joto hukimbilia shimoni.

Nge huyo hahitaji leseni Uingereza. Ila ukitamani wale wembamba wa magando madogo na mkia mnene, jamii ya Buthidae, sheria ya huko ya wanyamapori hatari ya mwaka 1976 inakutaka upate leseni ya halmashauri kwanza.

SWALI: Mzee, shambani kwetu Korogwe nge ni wengi. Nikukusanyie uwauze nje ya nchi?
Kijana wa Korogwe

JIBU: Hapana, mwanangu. Mwaka 2016 serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na mimi nafanya kazi na waliozaliwa mikononi mwa wafugaji tu. Waache shambani waendelee kula mende na nyenje. Wewe kung'uta viatu kabla ya kuvaa, na usiku tembea na tochi.