Kutafsiri "otsukaresama desu" kwa Kiswahili

Ndugu, umeuliza namna ya kutafsiri neno la Kijapani "otsukaresama desu", ambalo katika hadithi yako wafanyakazi wa ofisi moja ya Osaka huambiana kutwa, nawe umeliandika "umechoka sana". Ni kweli kwamba ndani yake mna "tsukare", yaani uchovu, lakini Mjapani anayelitamka hapimi uchovu wa mwenzake, bali anaitambua kazi aliyoifanya. Kwa bahati njema tunayo "pole na kazi", na sidhani kama Kiingereza kina kitu kilicho karibu hivyo. Itumie pale mhusika anapochukua mkoba wake na kuwaaga wenzake. Wanapopishana kwenye korido asubuhi, "habari za kazi" inatosha. Wanapogonganisha glasi za bia jioni, mimi ningeandika "hongereni kwa kazi". Jihadhari pia na "gokurosama", neno jingine la kutambua kazi ya mtu, ambalo kwa desturi mkubwa ndiye humwambia aliye chini yake kazini: ukilitia kinywani mwa karani anayemuaga meneja wake, msomaji anayejua Kijapani atamwona karani huyo kuwa mtovu wa adabu.