Theluji ya ghafla: pa kuanzia unapomsaidia jirani

Theluji ikianguka bila watu kujiandaa, wengi hukimbilia sepetu. Kabisha hodi kwanza. Anza na wanaoishi peke yao, wazee, wagonjwa na wenye watoto wachanga. Ukiuliza "Unahitaji chochote?" utajibiwa "Hapana, niko sawa," kwa sababu hakuna anayependa kuwa mzigo. Uliza mambo yenye jibu: dawa zimebaki za siku ngapi? Nyumba inapata joto? Maji yanatoka? Simu ina chaji?

Mtu anayetetemeka, anayekokota maneno au aliyechanganyikiwa huenda joto la mwili wake limeshuka chini ya nyuzi 35. Piga simu ya dharura. Wakati mnasubiri, mvue nguo zilizolowa na umfunike vizuri, hasa kifua, shingo na kichwa. Kama yuko macho na anameza bila shida, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Pombe hapana, hata akiiomba mwenyewe: inapanua mishipa ya ngozi na joto linazidi kutoka.

Ukitoka hapo, zunguka nyumba. Mitambo mingi ya gesi ya kupasha nyumba joto hutoa moshi kupitia bomba fupi ukutani, wakati mwingine karibu na ardhi, na theluji iliyosukumwa na upepo huliziba. Moshi ukirudi ndani huleta kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Fukua kwa mkono, usije ukalivunja bomba. Gari nalo lifukuliwe ekzosi kabla ya kuwashwa, na umeme ukikatika jiko la mkaa libaki nje.

Sasa njia. Usitake kusafisha ua mzima. Kinachohitajika ni ujia wa upana wa mita 1 kutoka mlangoni hadi barabarani. Huo tu ni kazi: mita 10 zenye theluji ya kina cha sentimita 10 ni mita moja ya ujazo. Ikiwa kavu na nyepesi haizidi kilo 100 hivi, lakini iliyolowa inaweza kufika 300. Na theluji inayoanguka joto likiwa karibu na nyuzi 0 mara nyingi ndiyo hiyo iliyolowa. Kwa hiyo sukuma badala ya kuinua. Ukilazimika kuinua, jaza nusu ya sepetu, kunja magoti, na geuka kwa miguu badala ya kupinda kiuno. Baridi hubana mishipa ya damu wakati moyo unadaiwa nguvu zaidi, ndiyo maana mwenye ugonjwa wa moyo asishike sepetu kabisa. Yeyote anayesikia kifua kubana aache papo hapo na aite msaada.

Pakaa mafuta ya kupikia kwenye bapa la sepetu, theluji haitanata. Ikiwa ni chache na kavu, ufagio mgumu unatosha. Wahi kabla haijakanyagwa, maana iliyoshindiliwa na nyayo huganda na kung'ang'ania chini.

Maji ya moto yanatamanisha, lakini yakipoa huwa barafu yenye utelezi, mbaya kuliko ulichokiondoa. Tumia chumvi baada ya kusafisha, kijiko kimoja cha mezani kwa kila mita ya mraba. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 9 hasi hivi, chumvi ya kawaida hufanya kazi kwa shida. Mwaga mchanga ili miguu ipate pa kushika. Epuka kumwaga chumvi kwenye bustani ya mwenyewe, huunguza mimea.

Rundo liwekwe mbali na mifereji ya maji, na lisiishie barabarani wala mbele ya geti la jirani wa pili. Huko unahamisha tatizo tu. Jioni rudi uangalie ujia: maji yaliyoyeyuka mchana huganda usiku, na hapo ndipo chumvi kidogo ya pili inapohitajika.