Pikapu kubwa mpya ya kubebea kahawa: ninunue?

Ndugu yangu, umeuliza kama uchukue Ford F-150 mpya ya kushusha kahawa kutoka Sironko hadi Mbale, kwa mkopo wa benki. Mimi nakusihi usiichukue.

Usukani kwanza. F-150 hutoka kiwandani na usukani wa kushoto, na sisi hapa Uganda tunaendesha kushoto mwa barabara. Niliwahi kuendesha gari la namna hiyo njia ya Tirinyi. Nikiwa nyuma ya lori la mchele, sikuona kitu mbele mpaka nitoe gari zima nje ya mstari. Mke wangu, aliyekaa kulia, ndiye aliyekuwa akiniambia "ngoja" au "pita". Maisha ya watu hayaendeshwi hivyo!

Halafu upana: zaidi ya mita 2 bila kuhesabu vioo vya pembeni. Toyota Hilux ya kawaida, pikapu ndogo zaidi, haifiki mita 1.9. Kule milimani mvua ikinyesha, ukikutana na lori kwenye tope jekundu, tofauti hiyo ndiyo inayokuepusha na mtaro.

Spea za Hilux utazipata hapo Mbale, au utaagiza soko la spea la Kisekka, Kampala, zikaja na basi. Za F-150 utazingoja kutoka ng'ambo huku marejesho ya benki hayangoji.

Hilux dabo kabini (yenye safu mbili za viti) ya dizeli hubeba karibu tani moja. Tafuta iliyotumika, fundi wako alale chini yake aikague chesisi, na pesa itakayobaki nunulia kahawa msimu ukifunguka.