Swali la msomaji: Nataka kuwa wakili wa walimu

SWALI: Nasoma sheria mwaka wa tatu Morogoro. Nataka kutetea walimu katika migogoro ya kazi. Nijiandae vipi?

JIBU: Shahada pekee haitoshi. Utapitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, kisha ukubaliwe na kuapishwa kuwa wakili. Kwa sasa isome Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu kwa kifungu.

Mwalimu akija kwako, muulize kwanza mwajiri wake ni nani. Wa shule binafsi hupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Wa serikali huanzia Tume ya Utumishi wa Walimu. Ukimkimbiza CMA, shauri litatupwa kwa kukosa mamlaka na muda wake umeshapotea.

Pili, tarehe. Mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, mingine siku 60. Hapa ndipo walimu wengi wanapoumia, na inasikitisha: wanangoja mwenye shule apoe, siku zinapita. Ukichelewa, utajaza Fomu Namba 2 pamoja na hati ya kiapo inayoeleza sababu za kuchelewa, na "nilikuwa nabembeleza" ni sababu dhaifu sana.

Kusanya barua, hati za mshahara, taarifa ya benki. Hana mkataba wa maandishi? Usimkatie tamaa. Sheria inamtaka mwajiri ndiye athibitishe masharti ya ajira, na pia kwamba kuachisha kulikuwa halali.

Tuzo ya CMA, yaani uamuzi wake, usiporidhika nayo, omba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki 6.