Ijumaa usitie sahihi

Mleta mada, acha kwanza kusoma koment za wanaokupongeza. Ijumaa usitie sahihi. Kama umeshapewa miadi nenda, pima unachopimwa, uliza unachouliza, lakini ile karatasi ya kugandisha viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa kwa mbegu) na huyo rafiki yako usiiguse hata kwa kidole. Nilisoma uzi wako usiku wa manane, usingizi ukakata, nimeamka nao kichwani. Salamu nitakupa mwishoni nikikumbuka.

Kwa waliochelewa: dada ana miaka 34, anatamani mtoto mpaka akiona soksi za kichanga anageuza uso. Anampenda rafiki yake wa miaka mingi. Rafiki kamwambia wazi, tena kwa upole, kwamba hawezi kumpenda kama anavyopendwa, ila yuko tayari "kumsaidia". Kwa hiyo mayai ya dada yarutubishwe kwa mbegu za bwana, viinitete vigandishwe, halafu vipandikizwe "tukiwa tayari". Ameuliza maswali matano: atie sahihi Ijumaa, umri umemtupa, bwana atampenda mtoto akizaliwa, mtoto aambiwe nini, na mama yake aambiwe nini. Mimi nina jibu la moja tu, na mengine nikiyasahau mnisamehe.

Hiyo "tukiwa" ni ya nani na nani, mdogo wangu?

Wangu alikuwa mgane. Aliniambia mapema, bila kuzunguka, kwamba moyo wake ulizikwa na mkewe na nisijisumbue kuufukua. Sikuufukua. Nilikaa pembeni ya kaburi nikawa napalilia majani, miaka minne. Nilikuwa mtu wa kumkumbusha dawa za presha za mama yake, mtu wa kumshonea kifungo, mtu wa kupigiwa simu saa saba usiku mvua ikinyesha kwa sababu mwenzangu hapati usingizi. Kila wema wake nikauhesabu kuwa arubuni. Kumbe yeye hakuwa anauza kitu.

Na kiu ya mtoto, wale mnaosema "jishughulishe itapita", haipiti. Mimi nilijishughulisha mpaka nikapandishwa cheo. Kiu ikapanda cheo pamoja nami. Shida yangu ikawa kwamba kumtaka yeye na kumtaka mtoto vilishasukwa kamba moja, sijui nalilia kipi. Nikimuota mtoto, alikuwa na masikio yake, yale ya kusimama kama milango ya gari iliyosahauliwa wazi. Masikio yenyewe hata si mazuri!

Akaja shoga yangu. (Tulikuwa mashoga, siku hizi tunaonana misibani.) Akaniambia, "Mwanaume halainishwi na mwanamke, analainishwa na mtoto." Yeye mwenyewe aliachwa akiwa na pacha mapajani, lakini alilisema kwa uhakika wa mtu aliyebeba kombe. Nami nikalimeza zima. Nikamwomba bwana anisaidie, akafikiri siku tatu, akakubali. Alikubali kwa huruma. Nilijua ni huruma, nikaipa jina lingine.

Nilikuwa na miaka 37. Kliniki sitaitaja. Nilimuuliza mshauri wao kama ningeweza kugandisha mayai yangu peke yake. Akatabasamu lile tabasamu la kumhurumia mteja. Akasema mayai hayavumilii baridi, viinitete ndivyo vinavyovumilia, "na baba yupo, unajisumbulia nini?" Baba! Mtu alikuwa amekaa pale anaangalia saa.

Sasa hapo sikilizeni, maana hili ndilo nililokuja kulijua nikiwa nimeshachelewa. Zamani alikuwa na hoja. Yai ni seli kubwa iliyojaa maji, likigandishwa polepole chembe za barafu huliharibu ndani. Lakini siku hizi wanagandisha ghafla, maji yanakuwa kama kioo bila kufanya barafu, na madaktari wa uzazi wa Marekani walishaacha kuihesabu njia hiyo kuwa ya majaribio tangu 2012. Mimi nilikaa kwenye kile kiti miaka kadhaa baadaye. Ni kweli kiinitete kinakupa kujua kitu kimoja zaidi, kwamba yai lilikubali mbegu. Yai tupu ni zawadi iliyofungwa, hujui ndani kuna nini. Sawa. Ila lilikuwa langu, na fomu yake ina sahihi moja. Fomu yao ilikuwa na nafasi ya kuandika kama navuta sigara. Haikuwa na hata mstari mmoja wa kuuliza huyu mwanaume ni nani kwako na mkikosana itakuwaje. Yule mshauri nikikutana naye barabarani mpaka leo nabadilisha upande, kwa usalama wake.

Ukurasa wa saba uliandikwa kwamba yeyote kati yenu anaweza kuondoa ridhaa wakati wowote kabla kiinitete hakijapandikizwa, na akiondoa, viinitete havitatumika. Watu hudhani sikusoma. Nilisoma. Nilisoma nikamtazama, akanipa kalamu yake maana yangu ilikuwa imeisha wino, nikacheka, nikatia sahihi. Nani angemfikiria vibaya mtu anayekupa kalamu?

Sindano siku kumi na moja. Wakavuna mayai kumi na mawili, tisa yakarutubika, viinitete vitano vikafika mahali pa kugandishwa. Sikuvipa majina, naapa. Basi sawa, vitatu nilivipa.

Na hapa ndipo penyewe, dada, soma polepole. Ningeweza kupandikizwa mwezi uliofuata. Mwili ulikuwa tayari, karatasi zilikuwa tayari, na yeye siku hiyo angesema ndiyo. Mimi ndiye niliyesema tungoje kidogo. Kwa sababu sikutaka mtoto tu. Nilitaka siku ile anishike mkono mle chumbani, anishike kwa kutaka. Nilitaka aje yeye aseme, "Twende tukawachukue." Mwezi wa kwanza nikasema amechoka. Wa tano nikasema kumbukumbu ya mkewe imekaribia, si vizuri. Wa tisa tulicheka sana siku moja jikoni nikaenda kulala nikijua bado wiki mbili. Nilingoja mwaka mmoja na miezi mitano huku nalipia jokofu. Kuna wajane wa kila aina duniani, mimi ni mjane wa jokofu.

Akaja mwenyewe kunieleza, maana ni mtu wa heshima. Amepata mtu. Kumbe moyo haukuzikwa, ulikuwa umelala tu, na aliyeuamsha alimfahamu kwa wiki tisa. Miaka yangu mitano, wiki zake tisa. Huyo mtu wake hakuwa tayari kuishi akijua kuna watoto watarajiwa wa mumewe kwenye baridi, na kwa kweli ningekuwa yeye nisingekuwa tayari. Barua ya kliniki ilifika baada ya mwezi mmoja, aya mbili.

Naomba mnielewe, huyo bwana simsemi vibaya. Hakunidanganya hata siku moja. Kuna aliyeandika hapo juu kwamba rafiki wa mleta mada ana roho nzuri na tumwombee baraka. Roho nzuri ndiyo iliyonimaliza! Angekuwa mbaya ningemkimbia nikiwa na miaka 33 na mayai yangu mfukoni.

Mtasema ningeshtaki. Sheria zinatofautiana nchi na nchi, lakini msome kesi ya Natallie Evans wa Uingereza. Mwaka 2001 yeye na mchumba wake walitengenezewa viinitete sita, kwa sababu alikuwa anakwenda kuondolewa ovari, yaani vifuko vya mayai, zilizokuwa na dalili za kuelekea saratani. Imeandikwa kwenye hukumu kwamba aliuliza kuhusu kugandisha mayai yake peke yake, na mwenzake akamtuliza kwamba hawataachana, asiwe na mawazo mabaya. Mwaka 2002 wakaachana. Jamaa akaondoa ridhaa. Mahakama za kwao zikamkatalia mama wa watu, akapanda mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na tarehe 10 Aprili 2007 majaji 13 dhidi ya 4 wakasema haki yake haikuvunjwa. Ovari hana, viinitete hana. Na hao walikuwa wachumba, mdogo wangu. Walipendana. Wewe unakwenda Ijumaa na mtu aliyekwambia kwa mdomo wake kwamba hawezi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na nitairudia mpaka wasimamizi wanifungie: uzazi wako usiuweke mahali panapohitaji sahihi ya mtu asiyekupenda. Gandisha mayai. Mayai, yako, peke yako, sahihi moja. Akija kukupenda mwakani, mbegu hazitakuwa zimeisha duniani, atakuja nazo. Asipokuja, hakuna atakayekuandikia aya mbili.

Umri uliuliza. Miaka 34 hujachelewa, ila si ya kukalia. Mwanamke huzaliwa na mayai kama milioni moja au mbili, akibalehe yamebaki kama laki tatu au nne, na yanaendelea kufa kila mwezi hata usipofanya lolote, hata ukiwa umekaa kwa adabu unamngoja mtu aponywe. Katikati ya thelathini kushuka kunashika kasi. Mwenye miaka 30 akijaribu, kila mwezi ana nafasi kama moja kati ya tano, akifika 40 ni kama moja kati ya ishirini. Watakupima homoni moja inaitwa AMH. Ikiwa ndogo usilie pale, ikiwa kubwa usishangilie, inakadiria wingi wa mayai tu, ubora hauonekani humo.

Mimi nilirudi nikiwa na 39, na kliniki nyingine. Sindano zilezile, dozi kubwa zaidi. Yalipatikana mayai mawili, moja halikuwa limekomaa. Limebaki moja. Hilo sikulipa jina, kweli kabisa.

Kama atakupenda mtoto akizaliwa? Hapana. Atampenda mtoto, hilo linawezekana sana, na utakaa sebuleni unatazama mtu anajua kupenda, tena anapenda vizuri, na wewe haumo. Nimeliwaza hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri hapa.

Mtamwambiaje mtoto, sijui, mimi sikufika huko. Kuna waliotaja mchangia mbegu usiyemfahamu, na kuasili. Yote yana machozi yake na karatasi zake, kuasili hasa karatasi hazina mwisho (niko nazo mezani sasa hivi, folda ya pili). Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayongoja moyo wa mtu ufufuke.

Mama yako utamwambia nini... Wangu mpaka leo anajua nilikuwa natibiwa vidonda vya tumbo, bado ananikataza pilipili. Mimi si wa kuulizwa.

Fanya hivi. Alhamisi piga simu, waombe wakutumie fomu mapema, ni haki yako kuisoma nyumbani. Funika majina, piga picha, weka hapa. Nitaisoma ukurasa kwa ukurasa, kuanzia wa saba. Na Ijumaa ukienda, nenda peke yako. Akitaka kukusindikiza mwambie asante, na kalamu utabeba yako.

Salamu nimekumbuka. Hujambo, mdogo wangu?